Kutoka Sauti Moja hadi Sauti Nyingi: Muziki wa Kale wa Ulaya Ukitazamwa kutoka Kisangani

Historia ya muziki wa Ulaya kati ya karne ya 9 na ya 16 husimuliwa mara nyingi kama safari ya kupanda: mwanzoni palikuwa na watawa walioimba kwa pamoja wimbo mmoja usio na sauti ya pili, kisha sauti ya pili ikaongezwa, kisha ya tatu na ya nne, hata ilipofika karne ya 16 makanisa makubwa ya Roma, Venice na Cambrai yakawa yanaimba misa zilizosukwa kwa sauti nne, tano au sita zinazofuatana na kupishana. Masimulizi hayo si ya uongo, ila yana upungufu mmoja ambao hauonekani kwa urahisi mtu akiwa Paris au Roma, nao ni kwamba yanauchukua wingi wa sauti kuwa ndio ugunduzi wenyewe. Kisangani, mji ulio kwenye bonde la mto Kongo chini ya maporomoko ya Boyoma, ni mahali pafaapo kuyapima, kwa sababu upande wake wa magharibi Walokele wa mtoni walizungumza kwa ngoma, na upande wake wa mashariki, katika msitu wa Ituri, Wambuti waliimba kwa sauti nyingi bila kitabu wala kalamu, kabla nyimbo za kanisa la Ulaya hazijafika. Jambo ambalo Ulaya ilikuwa nalo na pande hizo mbili hazikuwa nalo lilikuwa maandishi ya muziki, na zaidi ya yote maandishi ya muda, yaani namna ya kuonyesha kwa alama kila sauti inadumu kiasi gani.

Kituo cha wazungu kwenye maporomoko kilianzishwa mwaka 1883, na mwaka 1887 Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar ambaye watu wake walikuwa wamekwisha kuenea katika eneo hilo pamoja na Kiswahili chao, akakubali kuwa liwali wake kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwishoni mwa karne hiyo Wabatisti Waingereza walijenga misheni Yakusu, kando ya mto upande wa chini wa mji, na tarehe 25 Desemba 1897 Padri Gabriel Grison, Mfaransa wa Shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, akaanzisha misheni ya Mtakatifu Gabrieli. Pamoja na mapadri hao ulikuja wimbo wa Kilatini, ambao wakati huo ulikuwa umekwisha kuimbwa Ulaya kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Wimbo huo huitwa wa Kigregori kwa heshima ya Papa Gregori Mkuu, aliyetawala kanisa kuanzia mwaka 590 hadi 604, ingawa wataalamu wengi leo wanakubaliana kwamba sura yake iliyotufikia ilitokana na mchanganyiko wa desturi ya Roma na ile ya Wafaranki katika karne ya 8 na ya 9, wafalme wao walipotaka makanisa yao yote yaimbe kwa namna moja. Ni wimbo wa sauti moja, usio na kipimo cha mapigo, unaoyafuata maneno ya sala. Kwa muda mrefu ulitunzwa kichwani tu, na waimbaji walihitaji miaka mingi kuujua wote. Alama za kwanza za kuuandika, ziitwazo neuma, zilienea katika karne ya 9, nazo zilikuwa vistari na vidoti vilivyowekwa juu ya maneno ili kuonyesha kwamba sauti inapanda, inashuka, au inapanda kisha ikashuka. Hazikuonyesha inapanda kwa kiasi gani. Mtu asiyeujua wimbo asingeweza kuupata kutoka kwenye neuma, na mtu aliyekwisha kuujua alikumbushwa tu.

Hapa msomaji wa Kisangani ana faida asiyokuwa nayo msomaji wa Ulaya, kwa kuwa kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyoiongoza ngoma ya Walokele. Ngoma yenyewe haina ngozi. Ni gogo lililochimbwa kupitia mwanya mwembamba, na midomo miwili ya mwanya huo hutoa sauti mbili, ya juu na ya chini. Kilokele, kama lugha nyingi za Kibantu, ni lugha ambamo kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno, na ngoma huiga kupanda na kushuka huko, ikiacha konsonanti na vokali zote. John Carrington, mmisionari Mbatisti aliyefika Kongo mwaka 1938 na kufanya kazi Yakusu, alieleza utaratibu huo katika kitabu chake cha mwaka 1949 kuhusu ngoma zinazosema. Alionyesha kwamba, kwa kuwa maneno mengi mafupi yana mwendo ule ule wa sauti, mpiga ngoma hapigi neno peke yake, bali hulifunga ndani ya usemi mrefu uliozoeleka: mwezi hauitwi mwezi tu, huitwa kwa usemi wenye maana ya mwezi unaoitazama nchi kutoka juu, na msikilizaji hupata neno kwa urefu wa usemi. Kama neuma, ngoma humpa msikilizaji umbo la sauti, na yeye hujaza yaliyobaki kutoka kwenye kumbukumbu yake. Hata dawa ya usahaulifu ilifanana kwa pande zote mbili, maana mtawa Notker wa Sankt Gallen, katika karne hiyo hiyo ya 9, alisema kwamba alianza kutunga maneno ya kufuata nyimbo ndefu zisizo na maneno kwa sababu alipokuwa kijana zilimponyoka kichwani. Notker aliongeza maneno ili asisahau sauti, na Walokele waliongeza maneno ili sauti zisichanganyikane.

Njia za pande hizo mbili ziliachana katika karne ya 11. Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia, aliweka alama juu ya mistari yenye nafasi zilizokwisha kupewa majina, na kwa hiyo kila alama ikawa na kimo chake hakika. Kisha akachukua utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji ambao kila kipande chake huanzia ngazi moja juu ya kile kilichotangulia, akatumia silabi za mwanzo wa vipande hivyo kuwa majina ya ngazi: ut, re, mi, fa, sol, la. Yeye mwenyewe alijisifu, na hakukosa haki ya kujisifu, kwamba kazi iliyochukua miaka 10 sasa ingekamilika kwa mwaka mmoja, au miwili ikizidi. Ut ikaja kuwa do, na katika karne ya 19 Mwingereza John Curwen akaupanga upya mfumo huo kwa herufi za kawaida, bila mistari, ili maskini na watoto waweze kuusoma. Hiyo ndiyo solfa ambayo misheni za Kiingereza zilieneza barani Afrika, na mwalimu wa kwaya anayeandika d r m ubaoni anatumia, ajue asijue, chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya wavulana wa Arezzo.

Mistari ya Guido ilionyesha kimo tu, haikuonyesha muda. Muda haukuwa na ulazima mpaka sauti zilipokuwa zaidi ya moja na kila moja ikaenda njia yake. Kitabu kimoja cha mafundisho cha mwishoni mwa karne ya 9 kinaeleza namna ya kuongeza sauti ya pili inayofuata wimbo wa kanisa hatua kwa hatua, mtindo ulioitwa oganumu, na ni wazi kwamba mwandishi wake hakuuvumbua, bali aliweka utaratibu kwenye jambo ambalo watu walikuwa wakilifanya. Mabadiliko makubwa yalitokea Paris, ambako ujenzi wa kanisa kuu la Notre-Dame ulianza mwaka 1163. Mabwana wawili waliotajwa kwa majina ya Léonin na Pérotin waliunda huko muziki ambamo wimbo wa Kigregori ulinyooshwa hata nota moja ikadumu kwa muda mrefu sana, nayo ikaitwa tenori, yaani inayoshikilia, huku juu yake sauti nyingine moja, mbili au tatu zikikimbia kwa mapigo yaliyopangwa. Vipande vya Pérotin vya sauti nne vinahusishwa na sikukuu za Noeli za miaka ya 1198 na 1199. Waimbaji wanne wasingeweza kukutana mahali pamoja kama hawakukubaliana juu ya urefu wa kila nota, na haja hiyo ndiyo iliyomfanya Franco wa Köln, katika nusu ya pili ya karne ya 13, aweke kanuni kwamba umbo la alama lenyewe lionyeshe muda wake: ndefu, fupi, fupi zaidi. Karne iliyofuata Philippe de Vitry na wenzake waliigawa midundo kwa mbili na kwa tatu pia, wakaiita sanaa yao sanaa mpya, na Guillaume de Machaut, aliyefariki mwaka 1377, akaandika misa kamili ya sauti nne, ya kwanza inayojulikana kuwa imetungwa yote na mtu mmoja.

Kanisa halikufurahishwa na yote hayo. Papa Yohane XXII, katika amri yake ya miaka ya 1324 na 1325, aliwalaumu watungaji waliokatakata wimbo kwa hoketi, yaani mtindo ambamo sauti mbili au tatu hugawana wimbo mmoja nota kwa nota, moja ikinyamaza wakati nyingine inalia, hata wimbo wote usiwe mali ya mwimbaji mmoja. Ni vigumu kuisoma lawama hiyo bila kufikiria Ituri, ambako uimbaji wa namna hiyo si ufundi wa wateule bali ni desturi ya kambi nzima. Wambuti husuka nyimbo zao kwa sauti zinazojibizana na kukatana, kila mmoja akishika kipande chake kifupi na kukigeuzageuza, na wimbo wenyewe unapatikana tu vipande vyote vikisikika pamoja. Colin Turnbull, aliyeishi nao karibu na Epulu katika miaka ya 1950 na kuandika kitabu kuwahusu mwaka 1961, alirekodi nyimbo hizo, na mmojawapo, wimbo wa unyago wa wasichana, ulitiwa mwaka 1977 katika santuri ya dhahabu iliyorushwa angani pamoja na vyombo vya Voyager. Katika santuri hiyo hiyo upo muziki wa dansi wa Anthony Holborne, Mwingereza wa mwisho wa Renesansi, ambao ulichapishwa mwaka 1599. Simha Arom, mtaalamu aliyechunguza kwa miaka mingi uimbaji wa Waaka wa Afrika ya Kati, ndugu wa Wambuti kwa mtindo wa kuimba, alithibitisha kwamba muziki huo una kanuni thabiti, kwamba kila wimbo una kiini ambacho waimbaji wote wanakijua hata kama hakuna anayekiimba waziwazi. Haya yanatosha kuikana ile dhana kwamba sauti nyingi ni hatua ya juu inayofikiwa baada ya maandishi. Maandishi yaliipa Paris uwezo wa kumpelekea mwimbaji wa Hispania wimbo ambao hajawahi kuusikia, na wa kumweka mtungaji mmoja mahali pa kundi. Wingi wa sauti wenyewe uliwezekana bila maandishi.

Ulaya nayo haikujitosheleza. Ala kadhaa zilizoupamba muziki wake wa Zama za Kati zilitoka katika nchi za Kiislamu kupitia Andalusia na vita vya msalaba: lute ni udi uliobadilishwa umbo na jina, nakari ni nakara, jozi ya ngoma ndogo, na shawm, ala ya kupuliza yenye sauti kali iliyopigwa kwenye karamu za wafalme, ni ndugu wa zumari inayojulikana Lamu na Mombasa.

Renesansi, yaani kipindi cha mwamko wa elimu na sanaa katika karne ya 15 na ya 16, iliulainisha muziki huo. Waingereza, wakiongozwa na John Dunstaple, walipendelea mlio mtamu wa nota zilizoachana kwa hatua tatu na sita, na Guillaume Du Fay akauchukua ulaini huo bara. Tarehe 25 Machi 1436 moteti yake, yaani wimbo wa kanisa wa sauti nyingi, iliimbwa Florence wakati wa kutabarukiwa kwa kanisa kuu chini ya kuba la Brunelleschi. Baada yake sauti zilianza kupewa haki sawa: badala ya tenori kubeba wimbo na nyingine kuupamba, sauti moja hutoa fungu la maneno, ya pili hulirudia, ya tatu hulifuata, ufundi uitwao uigaji ambao Josquin des Prez, aliyefariki mwaka 1521, aliufikisha mbali kuliko wote. Mwaka 1501 Ottaviano Petrucci wa Venice alichapa kitabu cha kwanza cha muziki wa sauti nyingi kwa herufi za chuma, na muziki uliokuwa mali ya makanisa machache ukawa bidhaa.

Jambo linalowahusu Wakongomani moja kwa moja ni mahali walikotoka watungaji hao. Du Fay anadhaniwa kuzaliwa Beersel karibu na Brussels, Johannes Ockeghem alizaliwa Saint-Ghislain, Orlande de Lassus alizaliwa Mons, na Johannes Tinctoris, mwananadharia wao mkuu, alitoka Braine-l'Alleud; yaani wote walizaliwa katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, iliyoichukua Kongo kuwa koloni lake mwaka 1908. Shule za makanisa ya huko ziliwafunza wavulana kusoma nota na kubuni sauti ya pili papo hapo, kisha makasisi na watawala wa Italia wakawaajiri kwa mishahara mizuri. Mtu angetazamia kwamba wamisionari wa Ubelgiji wangewafundisha vijana wa Stanleyville, kama Kisangani ilivyoitwa wakati huo, muziki wa wazee wao. Kilichofika kwa wingi ni kilichotangulia na kilichofuata: wimbo wa Kigregori wa zamani na nyimbo za ibada za karne ya 19 zilizosindikizwa kwa kinanda.

Sababu ilikuwa Roma. Tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pius X alitoa waraka ulioweka wimbo wa Kigregori kuwa mfano mkuu wa muziki wa kanisa, ukifuatwa na muziki wa sauti nyingi wa karne ya 16, wa Palestrina na kizazi chake, akakataza lugha za wenyeji katika ibada kuu, akawazuia wanawake kuwa wanakwaya, na akapiga marufuku piano, ngoma na matoazi kanisani. Marufuku hiyo ililenga makanisa ya Italia yaliyokuwa yakiimba misa kana kwamba ni opera, lakini ilipofika Stanley Falls, kama maporomoko ya Boyoma yalivyoitwa wakati huo, ambako eneo la Grison lilifanywa kuwa wilaya ya kimisioni mwaka uliofuata, ilimaanisha jambo jingine kabisa, kwa kuwa ngoma iliyokatazwa ilikuwa ndiyo chombo cha mawasiliano cha nchi nzima. Vitabu vya nyimbo vilivyotolewa na Vatikani kuanzia mwaka 1905, vikitegemea kazi ya watawa wa Solesmes waliochunguza hati za kale, ndivyo vilivyoipa misheni muziki wake. Na kuna kichekesho kidogo ndani yake: Misa ya Malaika, ambayo waamini wengi wa Afrika ya Kati na Mashariki wanaijua kwa moyo na kuiona kuwa ya kale kuliko zote, ina Kyrie na Gloria zinazokadiriwa kuwa za karne ya 15 na ya 16, na Kanuni ya Imani inayoimbwa nayo ni ya karne ya 17. Kwa njia hiyo Renesansi iliingia Kisangani kwa mlango wa nyuma, ikiwa imevaa joho la Gregori.

Tatizo la lugha lilikuwa kubwa zaidi. Ukichukua tuni ya Kiingereza na kuweka juu yake maneno ya Kilokele, tuni inapanda mahali neno linaposhuka, na msikilizaji anasikia neno jingine au hasikii neno lolote. Wimbo wa mafungu ya beti, ambao hurudia tuni moja kwa maneno tofauti, ndio unaoharibu zaidi. Wimbo wa zaburi wa Kigregori, unaosimama juu ya nota moja na kugeuka mwishoni tu, unaharibu kidogo. Kiswahili, kwa kuwa mkazo wake hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na hakina mpando wa sauti unaobadili maana, kiliepuka mtego huo, na pengine hiyo ni sababu mojawapo iliyokifanya kuwa rafiki wa tuni za kigeni kuanzia Zanzibar hadi Boyoma, hata kama wanaokipenda hawataki kuusikia urafiki huo ukiitwa udhaifu.

Roma ililegeza kamba polepole. Waraka wa Papa Pius XII wa mwaka 1955 uliruhusu nyimbo za wenyeji katika nchi za misheni. Tarehe 23 Machi 1958, Kamina katika Katanga, kikundi cha Padri Guido Haazen, Mfransiska wa Ubelgiji, kiliimba kwa mara ya kwanza Missa Luba, maneno ya Kilatini ya misa juu ya mitindo ya kuimba ya Waluba na ya Kongo kwa jumla, kisha mwaka huo huo kikasafiri Ulaya. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukafuata, ukitaka, katika hati yake ya tarehe 4 Desemba 1963, desturi za muziki za mataifa zipewe heshima zinazostahili. Kisangani ilipita kwanza katika balaa la uasi wa mwaka 1964, lililowaua mapadri na watawa wengi wa eneo hilo, kabla ya kuvuna matunda ya uamuzi huo. Tarehe 30 Aprili 1988 misale ya majimbo ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikubaliwa Roma, na mwaka huo huo Laurent Monsengwo akawa askofu mkuu wa Kisangani.

Tinctoris, katika kitabu chake cha mwaka 1477, aliutenga muziki ulioandikwa na kukamilishwa na ule unaoimbwa papo hapo juu ya wimbo uliopo, kila mwimbaji akibuni sauti yake, na hakuuona huu wa pili kuwa kazi ya watoto. Missa Luba ilianzia upande huo wa pili: vijana wa Kamina hawakuwa na karatasi, na sehemu kubwa ya waliyoimba waliibuni pamoja, baadaye ikaandikwa kwa nota na kuchapishwa, na tangu hapo kwaya za Ulaya na Marekani zimekuwa zikirudia, nota kwa nota, jioni moja ya watu ambao wenyewe hawakuimba mara mbili kwa namna ile ile. Misale ya mwaka 1988 ilifanya kinyume chake, kwa kuwa iliyaweka maneno na mpangilio wa ibada kwenye maandishi na kuziachia parokia kutunga nyimbo zake, nazo kwaya, au korali kama zinavyoitwa Kongo, hufundishwa kwa kusikia, mwalimu akianza na sauti ya kwanza, kisha ya pili, ya tatu na besi, mpaka zote nne zikutane.